Kuna Kitabu Kipo Nje

Anaitwa Mama Kimya, na wapangaji wapya hudhani Kimya ni mwanawe wa kwanza. Wanamuuliza yuko wapi siku hizi, anasoma au ameshaajiriwa. Hana mtoto. Kimya ni neno alilolisema kwa miaka thelathini na moja, kidole mdomoni, nyuma ya meza ya maktaba ya chuo cha ualimu. Wanafunzi wakambandika kama jina, nalo likamfuata hadi nyumbani kama paka aliyewahi kulishwa mara moja. Miaka yote hiyo alikuwa anaomba kimya. Alipostaafishwa akapewa chote kwa mkupuo, pamoja na chumba na sebule ghorofa ya chini.

Mimi nakaa juu yake kabisa. Niliwahi kuanza stashahada, ikanishinda katikati ya njia, kwa hiyo watu wa vitabu nawaheshimu kwa mbali, kama mtu aliyewahi kuumwa na mbwa anavyowaheshimu mbwa.

Ile maktaba ilifungwa miaka miwili iliyopita. Uongozi wa chuo ulitaka ukumbi wa kompyuta, vitabu vikatolewa koridoni, ukutani ikabandikwa karatasi: CHUKUA UNACHOTAKA. Wenzake walichukua rafu na viti. Mama Kimya alikodi mkokoteni, akasomba safari tatu, akaondoka na vitabu mia tatu na arobaini, leja moja na muhuri wa tarehe. Nyumbani alivipanga kwa namba zake zilezile za kazini. Masufuria yapo chini ya 640, mapishi na mambo ya nyumbani, kwa hiyo usiseme hana mpangilio. Kitanda kipo kati ya 300 na 400, yaani analala kati ya jamii na lugha, na hana mtu wa kuongea naye.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hao hawakukaa kwenye jengo letu. Mama Kimya aliteleza bafuni siku moja saa mbili asubuhi, akalala pale sakafuni, mguu umekunjika chini yake, mpaka saa tisa alasiri, na hakuna aliyesikia mshindo wowote. Mimi nilikuwa juu ya kichwa chake, nachezea simu. Aliyempata ni dobi wa uani. Shuka zake zilikauka mapema, akaona hazichukuliwi, akaenda kugonga.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuita.

"Niliita," akasema. "Nadhani niliita kwa sauti ya maktaba."

Kesho yake akaja mtoto wa kaka yake, anayefanya kazi mapokezi kwenye zahanati ya mji mwingine. Ndiye ndugu pekee anayempigia simu. Aliingia na mkoba begani, akamkuta shangazi yake ameinua mguu juu ya kigoda, na hakusubiri hata maji ya kunywa.

"Shangazi, basi. Unakuja kukaa kwangu."

"Kwako wapi? Una chumba kimoja cha watoto."

"Wewe utalala kitanda cha chini, wao watalala wote wawili cha juu. Wameshakubaliana, wameshapigana, wameshapatana."

"Na vitabu?"

"Vitabu nivitie wapi, shangazi? Labda nivivalishe sare niseme na wenyewe ni watoto. Njoo na sanduku moja."

Wakakubaliana, au tuseme mmoja alisema na mwingine hakukataa. Mtoto wa kaka atarudi na gari la kuazima tarehe thelathini ya mwezi unaofuata. Mpaka siku hiyo vitabu viuzwe mtandaoni, na vitakavyobaki vitachukuliwa na mnunuzi wa karatasi, aje na mizani yake avipime kwa kilo, vikafungiwe karanga. Mama Kimya aliposikia habari ya karanga alinyamaza. Kunyamaza kwake si habari, lakini aliendelea kunyamaza mpaka mgeni wake anaondoka.

Akaunti alifunguliwa na huyohuyo mtoto wa kaka, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kona moja. Aliachiwa maelezo mafupi: piga picha, andika jina, weka bei, pandisha. Tarehe mbili ya mwezi huo akaanza, na siku ya kwanza akapandisha vitabu kumi. Nilivitafuta kwenye simu yangu ili nicheke kidogo, na kweli nilicheka. Mtu mwingine huuza kitabu kwa kupiga picha ya jalada. Yeye alipiga picha ya mgongo. Mwembamba, wima, na kile kibandiko cha namba chini, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja ndivyo vitabu vilivyomtazama. Sokoni, katikati ya sofa na viatu vya mtumba, kulikuwa na kitu kinachofanana na ubao uliopasuliwa, na maelezo yake: "638. Kurasa 214. Sentimita 21. Doa la maji ukurasa wa 41 hadi 44. Kona ya ukurasa wa 90 ilikunjwa na msomaji asiyefahamika."

Kwenye hali ya bidhaa palikuwa na chaguo tatu: kipya, kimetumika, kimetumika kama kipya. Hilo la tatu lilimkera. "Kitabu kilichotumika na bado ni kama kipya," aliniambia, "maana yake hakikusomwa. Si sifa hiyo."

Ujumbe wa kwanza ulipoingia alipanda ngazi kunitafuta, ingawa mguu ulikuwa bado unamsumbua. Alishika simu kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi.

"Mwanangu, huyu mtu ananiuliza kama bado kipo."

"Mjibu kipo."

"Kama kisingekuwepo ningekitangaza?"

"Mama, hiyo ni salamu tu. Ni kama mtu anayekuuliza umeamka, na anakuona umesimama mbele yake."

Akajibu kwa sentensi nne zenye nukta na mikato yake. Yule mtu akaandika "mwisho ngapi?", naye akajibu "214". Biashara hiyo ilikufa hapohapo.

Waliovumilia walikutana na mahojiano. Kitabu unakitakia nini? Mikono yako ni mikavu? Nyumbani kuna mtoto mdogo mwenye kalamu? Mmoja alitaka vitabu vitatu vya hesabu kwa pamoja, akaambiwa kikomo ni viwili, cha tatu akirudi. Kwenye nyota za muuzaji mtu mmoja akampa mbili na kuandika: "Vitabu vizuri ila maswali kama uhamiaji." Mama Kimya aliisoma, akaniuliza kama kuna mahali pa kumjibu. Nilimwambia hakuna. Palikuwepo, lakini nilimwonea huruma yule mteja.

Hata hivyo vikaanza kuondoka. Dereva wa pikipiki alikuwa anakuja kuvichukua langoni, vimefungwa kwenye gazeti na kamba, fundo moja juu. Mimi mwenyewe nilinunua kimoja, tarehe kumi. Kilikuwa cha takwimu, somo lililonitoa chuoni, na mimi nalo tuna kesi ya zamani. Ukweli ni kwamba yale masaa saba ya bafuni yalikuwa yananikaa vibaya. Niliteremka kumwomba anipe, akakataa kukitoa mkononi.

"Agiza mtandaoni kama watu wengine."

Nikapanda juu, nikaagiza. Akanihoji kuhusu mikono. Akakifunga siku hiyohiyo, na siku mbili baadaye kikanifikia kutoka ghorofa ya chini, kimefungwa kwa kamba. Nikampa nyota tano. Gazeti nililifungua, kitabu sikukifungua.

Jioni mtoto wa kaka alikuwa anapiga simu, na kwa sababu Mama Kimya huweka spika na dirisha lake liko chini ya langu, mimi nilikuwa mwanafamilia.

"Umeuza vingapi, shangazi?"

"Vimetoka kumi na tisa."

"Kumi na tisa tu? Shangazi, tarehe zinakwenda."

"Najua tarehe, mwanangu. Ndiyo kazi niliyofanya."

Alikuwa anazijua kuliko sisi tulivyodhani. Tarehe kumi na tisa, alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi sifanyi kitu, kazi ninayoimudu, akaingia langoni mwanamume wa makamo mwenye sare ya ulinzi. Ameshika kofia mkono mmoja na mkono mwingine kitabu kilichofungwa gazeti, fundo moja juu. Akapiga hodi kwa Mama Kimya.

"Samahani dada, nimechelewa siku moja. Jana walituunganishia zamu."

"Umechelewa nini?"

"Kitabu. Hapa umegonga tarehe kumi na nane, na leo ni kumi na tisa. Sijui faini yake ikoje."

Mama Kimya akakipokea, kile cha 638, ufugaji wa nyuki, akakifungua nyuma, kwenye kile kikaratasi cha tarehe. Ulikuwepo muhuri, wino wa zambarau, mbichi kabisa, chini ya mihuri iliyofifia ya miaka ile. Alikitazama kama mtu anayeonyeshwa picha yake akiwa usingizini.

"Kaka, kitabu hiki ulinunua. Ni chako."

"Mimi nilijua zile ni pesa za dhamana."

"Hapana. Uliuziwa."

"Sasa mbona umenigongea tarehe?"

Mazoea yana taabu. Kila alipofunga kitabu cha mteja, mkono wake ulikuwa umefungua kwanza jalada la nyuma, ukahesabu siku kumi na nne, ukagonga, ukaenda zake bila kumuuliza mwenyewe.

"Basi si neno," mlinzi akasema. "Nimeshakimaliza. Na mimi sina pa kukiweka, tunalala watatu chumba kimoja kwa zamu. Kirudishe mahali pake, unipe kingine."

"Wewe unafuga nyuki?"

"Sina hata mmoja. Nalinda ghala. Lakini dada, umekisoma? Kumbe na wao wana walinzi. Wanasimama mlangoni mwa mzinga, wananusa anayeingia. Tena wanalinda siku chache tu, halafu wanapandishwa cheo, wanakwenda nje kwenye maua." Akavaa kofia, akaivua tena. "Mimi huu mwaka wa tisa niko mlangoni."

Mama Kimya akacheka. Nilisogea ngazi moja chini kuhakikisha ni yeye.

Akamkaribisha ndani, mlango ukaachwa wazi. Mlinzi alisimama mbele ya zile rafu kama amepangwa kuzilinda. Akaambiwa kikomo ni viwili. Akasema kimoja kinamtosha, akachagua cha nyota, 520. "Usiku kucha naziona," akasema, "hatujawahi kutambulishwa." Alilipa na faini, kwa kiwango cha chuo, ambacho leo hakinunui njiti moja ya kiberiti, akaandikiwa risiti. Kisha nikasikia muhuri. Ta. Tangu nihamie jengo hili, ukiacha zile simu za jioni, ile ndiyo sauti ya kwanza niliyosikia ikitoka chumba kile. Safari hii mkono haukwenda peke yake.

Alipoondoka, Mama Kimya alifungua leja. Wanunuzi waliobaki walikuwa kumi na wanane, kila mmoja na jina lake, na kwenye safu ya mwisho tarehe ya kurudi. Akaniita.

"Mwanangu, hapa panasomekaje?"

Alikuwa ameandika kwenye simu: "Ndugu mnunuzi, tarehe iliyogongwa ndani ya kitabu chako ni makosa yangu. Kitabu ni chako. Usikirudishe."

"Panasomeka vizuri, mama. Tuma kwa wote."

"Nitatuma."

Siku tatu baadaye maneno yaleyale yalikuwa palepale.

"Hujatuma?"

"Bando limekwisha."

Bando lilikuwepo. Nilimwekea mimi mwenyewe juzi yake.

Siku hizo hakupandisha tangazo jipya hata moja. Tarehe ishirini, ya kwanza kwenye leja baada ya mlinzi, aliamka akavaa gauni lake la kazini, la bluu lenye mifuko miwili, akafungua mlango, akaweka kiti karibu na rafu na leja mapajani. Watu walipita na ndoo zao. Akafunga saa kumi na moja, saa za chuo. Ishirini na mbili, vilevile. Ishirini na tatu aliona kitabu chake kimoja sokoni, kinauzwa na mtu mwingine kwa bei mara mbili, kile kikaratasi cha nyuma kimechanwa. Hali ya bidhaa: kimetumika kama kipya. Alinionyesha, akazima simu, akaifuta kioo kwa pindo la gauni.

Tarehe ishirini na nne ilikuwa zamu yangu. Nilishuka ngazi kwa vidole, viatu mkononi, kama mwizi wa kuku. Mlango ulikuwa wazi.

"Mwanangu, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne, mama."

"Mm."

Nilikaa nje mpaka saa kumi na moja na nusu.

Tarehe thelathini mtoto wa kaka akaja na gari, na nyuma yake yule mnunuzi wa karatasi na mizani yake ya kuning'iniza. Sanduku lilikuwa tayari limefungwa, liko mlangoni. Mama Kimya alikuwa amekaa juu yake, amevaa gauni la bluu.

"Shangazi, twende. Gari ni la watu."

"Kuna kitabu kipo nje."

"Kipo nje wapi? Uani?"

"Kwa msomaji. Kinarudi tarehe tatu. Akikuta mlango umefungwa atakiacha wapi?"

"Atakaa nacho. Si amekinunua?"

"Cha kwanza alinunua. Hiki ameazima."

Mtoto wa kaka akakaa kwenye kile kiti. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, na macho yalionyesha.

"Shangazi, siku ile ulilala sakafuni masaa saba."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na safari nyingine nani atakusikia? Huyo msomaji wako?"

Mama Kimya alitazama mikono yake. Dobi akaacha kupiga pasi. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, na nilitamani kusema nitasikia mimi, lakini mara ya kwanza nilikuwepo pia.

Mwishowe mtoto wa kaka aliinuka, akaenda garini, akarudi na filimbi ya plastiki ya watoto wake yenye kamba ya njano. Akamvika shangazi yake shingoni, akamnyooshea kola.

"Ukianguka, piga. Usipoanguka, piga pia, wakuzoee. Nitarudi mwisho wa mwezi ujao, na safari hiyo sitaki kusikia kitabu."

"Kama vyote vitakuwa vimerudi," Mama Kimya akasema, "nitakuja."

Mwenye mizani akarudishwa langoni. Gari likaondoka na nafasi ya sanduku moja.

Mlinzi hakuja tarehe tatu. Alikuja tarehe nne, amechelewa siku moja kama kawaida yake, akalipa, akachukua kingine, kikagongwa tarehe kumi na nane. Akakirudisha tarehe kumi na tisa. Safari hii hakusogea kwenye rafu. Alisema kampuni imemhamishia ghala jingine, mbali, hata nauli yake ni mshahara. Akasimama mlangoni kidogo, akauliza kama anaweza kuugonga ule muhuri mwenyewe mara moja. Akagonga kwenye gazeti lililofungia kitabu, akalikunja lile gazeti, akalitia mfukoni.

Jioni hiyo Mama Kimya alituma ule ujumbe. Najua, kwa sababu yule wa nyota mbili alikuja kuandika pale chini ya maneno yake ya zamani: "Sasa ananiambia nisirudishe. Sikuwa na nia hiyo." Nilifungua simu yangu nione wangu. Sikutumiwa. Nikasubiri mpaka kesho yake, nikaizima nikaiwasha, nikamuuliza dereva wa pikipiki anayewapelekea wateja vitabu, akasema walionunua wote wamepata. Wote kumi na saba.

Kwa hiyo kwenye leja mistari yote imepigwa kalamu, imebaki mmoja. Leo ni tarehe ishirini, nimechelewa siku ishirini na sita, na gari linakuja mwisho wa mwezi. Filimbi ipo shingoni, haijapigwa bado, hata ya kutuzoeza.

Ameshanidai mara mbili. Hakupanda ngazi, alisimama chini akaita, na nilimsikia vizuri.

"Mwanangu, kile kitabu."

"Bado sijakimaliza, mama."

"Uko wapi?"

"Ukurasa wa kumi na moja."

"Soma taratibu," akasema. "Usikunje kona."